Kabla hujanunua inteki ya turbo, lifikirie vumbi la Kabiro

Wiki tatu zilizopita simu yangu ililia saa mbili usiku. Alikuwa mwana wa dada yangu, kijana aliyetoka Mombasa na Golf yake ya mtumba kutoka Japani, akaja kuendesha teksi ya kuitwa kwa simu hapa Nairobi. Amepanga chumba Kabiro, upande wa Kawangware, nami nakaa hatua chache kutoka kwake.

"Shikamoo mjomba. Nimepata inteki. Elfu ishirini na nane, na kufungiwa ni bure. Jamaa anasema gari litaongeza farasi ishirini."

"Marahaba. Hizo elfu ishirini na nane umezitoa wapi?"

Akanyamaza kidogo. "Za chama, mjomba."

Zamu yake ya chama ilikuwa imefika, na pesa hizo alikuwa amezitenga kwa bima. Bila bima gari lake halitoki barabarani, na lisipotoka hali. Nikamwomba asilipe chochote hadi kukuche, tulitazame gari kwanza.

Nayaandika hapa yale niliyomweleza asubuhi ile, kwa sababu vijana wengi wa Pwani siku hizi wana magari madogo ya turbo: Golf, Polo, Juke, Subaru. Wengi huuziwa inteki kwa maneno yale yale. Inteki ni lile bomba la kuvutia hewa pamoja na filta yake, linalowekwa mahali pa lile la kiwandani. Si kitu kibaya. Lakini ukichagua vibaya unaweza kuiua injini, na ukichagua vizuri huenda ukagundua hukuihitaji.

Injini inavuta hewa kiasi gani

Kuchoma lita moja ya petroli sawasawa kunahitaji karibu kilo 11 za hewa. Mombasa, kwenye joto la nyuzi 30, kilo hizo ni zaidi ya lita 9,000 za hewa. Dereva wa teksi anayetumia lita 10 kwa siku hupitisha kwenye filta yake lita 90,000 na zaidi, kila siku ya Mungu. Chochote kilichomo ndani ya hewa hiyo, moshi wa lori, mchanga au majivu ya takataka, hufika kwenye filta. Kinachopenya hapo kinaingia kwenye turbo, kisha kwenye silinda.

Turbo yenyewe ni mapangaboi mawili kwenye mhimili mmoja. Moja linazungushwa na moshi unaotoka, la pili linavuta hewa safi na kuisukuma ndani ya injini. Kwenye gari dogo mhimili huo unaweza kupita mizunguko 200,000 kwa dakika. Pangaboi la upande wa hewa ni la alumini, na kingo zake ni nyembamba. Kwa mwendo huo chembe ya mchanga inaligonga kama risasi.

Kabiro si Mombasa

Mpwa wangu alikuwa na lalamiko la kweli. "Mombasa gari lilikuwa linaruka," aliniambia. "Tangu nipande bara limekuwa zito. Nikitoka Kawangware kuelekea Ngong Road na abiria watatu, lafikiria kwanza."

Sehemu ya jibu iko angani. Mombasa iko usawa wa bahari, ambapo shinikizo la hewa ni karibu kilopaskali 101. Huku kwetu tuko zaidi ya mita 1,700 juu, na shinikizo limeshuka hadi karibu kilopaskali 82. Hewa ni nyepesi kwa karibu moja ya tano. Gari lisilo na turbo likipanda kutoka Pwani hupoteza karibu kiasi hicho cha nguvu, na hakuna bomba litakaloirudisha.

Gari la turbo hupoteza kidogo tu, kwa sababu turbo hujaribu kufidia. Tuseme kompyuta ya gari inataka kilopaskali 160 ndani ya injini. Mombasa turbo itaizidisha hewa ya nje mara 1.6. Kabiro itabidi iizidishe karibu mara 2 ili ifike pale pale. Inafika, lakini kwa kuzunguka kwa kasi zaidi, kwa kupasha hewa joto zaidi na kwa kuchelewa kidogo. Uzito ule aliousikia ndio huo kuchelewa.

Na kwa kuwa hewa ya huku ni nyepesi, ile lita moja ya petroli sasa inahitaji zaidi ya lita 11,000 za hewa. Filta yake inapitisha hewa nyingi kuliko ilivyopitisha Mombasa, na vumbi jingi zaidi. Anayeijua njia ya ndani kutoka Kabiro hadi Naivasha Road wakati wa kiangazi anajua ni vumbi gani.

Farasi 20 zatoka wapi?

Golf yake ina injini ya cc 1,197, na kiwandani ilipewa nguvu ya farasi 105. Muuzaji aliahidi 20 zaidi, yaani karibu moja ya tano, kwa bomba na filta. Tulipime.

Kwenye gari la turbo la kisasa, kompyuta ndiyo mwenye nyumba. Ukikanyaga mafuta hufungui tu mlango wa hewa. Unaiomba kompyuta nguvu, nayo inaamua shinikizo liwe kiasi gani, kisha inaongoza turbo ilete kiasi hicho. Likifika, inapunguza moshi unaozungusha turbo ili lisipande zaidi. Ukiweka bomba linalopitisha hewa kwa urahisi zaidi, turbo itafikia lengo lile lile kwa kazi ndogo kidogo. Lakini lengo halijabadilika. Kinachobaki ni kuitika upesi kidogo, na nguvu ndogo kule juu ya mizunguko ambako dereva wa teksi hafiki.

Inteki inapata maana ya nguvu pale gari linapobadilishiwa programu ya kompyuta, shinikizo likaongezwa, na hewa inayotakiwa ikazidi uwezo wa boksi la kiwandani. Hiyo ni kazi nyingine, yenye gharama nyingine, na kwa gari la kubeba abiria wa Nairobi siipendekezi.

Kuna jambo moja muuzaji hakudanganya: sauti. Ukiondoa boksi la plastiki utaisikia turbo ikivuta na kupiga mluzi. Kijana akiupenda mluzi huo simlaumu, nami niliupenda. Ila ajue kwamba analipia mluzi.

Aina tatu zilizoko sokoni

Ukizunguka Kirinyaga Road na Grogan, au ukiuliza kwa wauza spea wa Mombasa, utaonyeshwa aina tatu.

Ya kwanza ni filta bapa inayoingia ndani ya boksi lile lile la kiwandani, ama ya karatasi, ama ya pamba iliyopakwa mafuta, ya kuosha na kutumia tena. Hubadilishi bomba wala mahali hewa inapotoka.

Ya pili ni filta ya koni iliyo wazi, inayofungwa kwenye ncha ya bomba chini ya boneti. Ndiyo ya bei nafuu kuliko inteki kamili, ndiyo yenye kelele kuliko zote, na ndiyo iliyojaa sokoni.

Ya tatu ni inteki ya boksi lililofungwa, yenye filta kubwa ndani, mfuniko, na mdomo unaovuta hewa kutoka mbele ya gari. Hii ni ghali. Ile halisi ya Golf hutaipata kwa elfu ishirini na nane.

Kati ya ya pili na ya tatu kuna ndugu wa kati, filta ya koni iliyozungushiwa bati na kuitwa ngao ya joto. Tazama kama bati hilo linagusa boneti na kuziba pande zote. Kama lina uwazi wa kupitisha mkono, joto nalo lapita.

Joto la foleni

Hewa ya moto ni nyepesi. Kila ikipanda nyuzi 3 hivi, uzito wake unapungua kwa asilimia 1. Nilichukua kipimajoto cha waya, nikaweka ncha moja nyuma ya grili, pale mfereji wa kiwandani unapovutia hewa, na nyingine chini ya boneti, pale koni ingekaa. Tukaingia Naivasha Road saa ya foleni. Baada ya dakika 20 za kujikokota, nyuma ya grili palikuwa nyuzi 27. Chini ya boneti palikuwa nyuzi 56.

Nyuzi 29 za tofauti ni karibu asilimia 10 ya hewa. Ni kweli kwamba Golf hii ina kipoza hewa cha maji ndani ya manifoldi, kinachoipoza hewa baada ya turbo. Lakini kipoza hicho kinabebeshwa mzigo ambao haukuwa wake, na turbo ambayo tayari inazidisha mara 2 inapewa hewa nyepesi zaidi. Gari likishika kasi barabara ya wazi joto hushuka. Ila dereva wa teksi wa Nairobi anakaa wazi kwa muda gani? Nanyi wa Mombasa, fikirieni foleni ya Likoni mkisubiri feri saa saba mchana, jua la utosi na boneti imefungwa. Boksi la kiwandani, lile linaloonekana la kishamba, limepewa mfereji hadi mbele kwa sababu hiyo.

Vumbi

Hapa ndipo nilipoumia mwenyewe. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa na Subaru ya turbo. Nikanunua koni kwenye kibanda kimoja ambacho sitakitaja. Kwenye kisanduku paliandikwa maneno makubwa, lakini hapakuwa na kipimo hata kimoja. Mwezi wa tatu kompyuta ilianza kulalamika. Mafuta ya filta yalikuwa yamefika kwenye sensa inayopima hewa, na Subaru nyingi za turbo zina sensa hiyo kwenye njia ya hewa, mara tu baada ya filta. Niliiosha sensa nikaendelea. Mwezi wa nane gari lilianza kula oili na kutoa moshi wa samawati. Fundi alipolivua bomba aliniita nitazame. Kingo za pangaboi zilikuwa zimeliwa kama kanga iliyopitiwa na nondo, na ukipitisha kidole ndani ya bomba kilitoka na unga mwekundu.

Vumbi linaloila injini zaidi ni lile usiloliona, la mikroni 5 hadi 20. Unywele wa mtu una karibu mikroni 70. Mchanga mweupe ni mgumu kuliko alumini ya pistoni na turbo, na unakwangua hata ukuta wa silinda.

Kwa hivyo swali la kwanza kwa muuzaji lisiwe "inaongeza farasi ngapi" bali "inashika vumbi asilimia ngapi". Kuna kipimo cha kimataifa cha filta za hewa, ISO 5011, na watengenezaji makini hutaja matokeo yao. Filta nzuri ya karatasi hushika asilimia 99 na zaidi. Mtu akikuambia yake inashika 97, utaona tofauti ni ndogo. Igeuze utazame kinachopita: kwa filta ya kwanza sehemu 1 katika 100 inaingia kwenye injini, kwa ya pili sehemu 3. Hiyo ni mara tatu ya mchanga, kila siku.

Jambo jingine ni tabia ya gereji zetu. Fundi anavua filta ya karatasi, anaipuliza kwa kompresa, anairudisha. Upepo ule unatoboa karatasi mahali usipopaona. Filta ya karatasi ikichoka, nunua mpya. Na kama umechagua ya pamba, ioshe kwa dawa yake, ikauke kabisa, ipake mafuta kidogo kwa kipimo chake. Anayejua kuwa hatafanya hivyo achukue karatasi.

Maji

Baadhi ya inteki hushusha filta hadi ndani ya bampa, karibu na lami, ili ipate hewa baridi. Ulaya huenda ni sawa. Lakini kumbukeni mafuriko ya Mombasa ya Novemba 2023, na ya Nairobi ya Aprili na Mei 2024. Maji hayashindiliki kama hewa. Yakiingia kwenye silinda wakati pistoni inapanda, kinachopinda ni konrodi, na hapo mazungumzo ni ya injini nyingine. Mdomo wa kuvuta hewa ukae juu, usawa wa grili au zaidi.

Ukishaamua kununua

Kwa yule ambaye baada ya haya yote bado anaitaka inteki, haya ndiyo ninayoyatazama kibandani kabla ya kutoa pesa.

Tia kidole ndani ya bomba. Kama limechomelewa mtaani na ndani mna matone ya kuchomelea, liache. Tone moja likibanduka linaenda moja kwa moja kwenye pangaboi.

Bonyeza kiungo cha mpira. Kikiwa laini kama soli ya ndara, turbo itakinyonya kijikunje na hewa ikatike.

Hesabu matundu. Bomba la kiwandani huwa na mdomo wa mpira unaoleta mvuke wa oili kutoka kwenye injini. Likikosa mdomo huo, fundi mvivu ataziba njia. Shinikizo litabaki ndani ya injini, litasukuma oili kwenye sili, na utadhani turbo imekufa.

Uliza sensa ya gari lako iko wapi. Magari yenye sensa ya hewa kwenye bomba yanataka kipenyo kile kile cha kiwandani mahali inapokaa, la sivyo kompyuta inasoma uongo.

Mwisho, liweke boksi lako la zamani, usiliuze, na iarifu kampuni yako ya bima kuhusu mabadiliko. Ajali ikitokea hutaki hilo liwe jambo jipya kwao.

Tulichokikuta chini ya boneti

Asubuhi ile tulifungua boksi la Golf. Skrubu mbili za mfuniko hazikuwapo, na upande mmoja mfuniko ulikuwa umeinuka kiasi cha unene wa sarafu. Filta ilikuwa nyeusi, mikunjo yake imejaa, na kona moja imelowa oili. Upande wa pili wa filta, ule unaopaswa kuwa safi, palikuwa na vumbi jembamba. Mpwa wangu alilitazama bila kusema neno.

"Ulibadilisha lini?" nikamuuliza.

"Sijawahi, mjomba. Huwa wanapuliza."

Tulikwenda Kirinyaga Road tukanunua filta bapa ya karatasi ya kampuni inayojulikana, shilingi 1,800. Skrubu mbili tulizipata kwa fundi wa jirani, akatupa bure. Tulipangusa boksi kwa kitambaa kibichi, tukalivua bomba na kumulika pangaboi kwa tochi. Kingo zilikuwa nzima. Tukalishika katikati tukalitikisa, halikucheza. Alikuwa amewahi.

Jioni alipanda kile kilima chake na abiria watatu. Aliniambia gari ni jepesi kuliko jana, lakini halijawa kama Mombasa. Nikamwambia halitakuwa, kwa sababu hewa ya Mombasa iko Mombasa. Akacheka.

Bima aliilipa siku iliyofuata. Inteki bado anaiota, nami sijamkataza. Tumekubaliana kwamba zamu yake ya chama ikizunguka tena, na turbo ikiwa bado nzima, tutaitafuta ile ya boksi lililofungwa, tuulize asilimia ya vumbi kwanza, na mluzi tuusikilize baadaye.